Dozi ya Sufuria

1

Siku Ngwali aliyotutoka, watu walicheka kwanza.

Hapa Mwezini mtu akianguka tunacheka. Huanguka polepole, kama nguo iliyodondoka kutoka kwenye kamba, na mara nyingi hupata nafasi ya kutukana kabla hajafika chini. Ngwali alikuwa juu ya ngazi katika shamba la mlonge, akikaza taa iliyolegea. Ngazi ikateleza. Akaja chini taratibu, bisibisi mkononi, huku akimwambia binamu yake Kombo, "Usisimame hapo kama nguzo, nidake!" Kombo alijishika kiuno kwa kicheko. Waliokuwa wakichuma majani walicheka. Mimi, mkewe, nilicheka.

Kisha tukalisikia paja lake. Lilitoa sauti ya kijiti cha muhogo mkavu kinapovunjwa gotini.

Tulimbeba hadi zahanati. Hakulia. Alikuwa akiwaomba radhi watu kwa kuwakatizia kazi. Mganga wetu alisema mfupa umepasuka na mafuta ya ndani yake yameingia kwenye damu, yanaelekea mapafuni. Taa za pango zilipoanza kufifia kwa ajili ya jioni, pumzi zake zikawa fupi. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu. Baadaye ulikuwa bado mkononi mwangu, lakini yeye hakuwepo.

Alikuwa mtafiti wa dozi. Kazi yake yote ilikuwa kutafuta kiasi cha unga wa mlonge ambacho kingezuia mifupa ya watu wa makazi yetu, Pangoni, kuvunjika.

2

Tulimzika kwenye vumbi la juu, nje ya mlango mkubwa, wanaume sita wakiwa ndani ya mavazi ya hewa. Mama yake, Bi Mize, alitazama kutoka ndani, kwenye kioo. Mavazi hayo yalikuwa mazito kwa mgongo wake. Waliporudi ndani aliuliza swali moja tu.

"Watu watakula nini?"

Kombo, ambaye ni mtoto wa kaka yake na fundi wetu wa hewa, akamjibu, "Shangazi, jiko limeshatoa visahani. Kila mtu na jina lake juu, kama kawaida."

"Visahani?" Bi Mize alisema. "Mwanangu amekufa, watu wamekuja kunipa pole, nao wakae kila mmoja na kisahani chake kilichofungwa, wanageuziana migongo kama wafungwa? Nitolee lile sufuria la shambani."

"Lile la kuchemshia vitambaa?"

"Lina tundu?"

"Halina."

"Basi lisugue."

Nilisikia hayo nikiwa chumbani, kwa sababu eda yangu ilikuwa imeanza. Chumba chetu kiko ubavuni mwa ukumbi, na mlango ukiwa wazi hakuna neno linalonipita. Nilisikia sufuria likisuguliwa kwa mchanga wa Mwezi, ambao hukwangua kuliko waya wa chuma. Nilisikia mtama ukimiminwa, kisha karanga zilizosagwa. Kisha nikasikia watu wakija mmoja mmoja, na kila mmoja alipofika kwenye sufuria kulikuwa na mchakacho mdogo wa karatasi. Sikujiuliza ni nini. Siku ile sikuwa najiuliza kitu.

Nililetewa bakuli la uji. Ulikuwa wa kijani na mchungu kwa mbali, na mafuta ya karanga yalielea juu. Niliunywa wote, nami sikuwa nimekula tangu asubuhi ya jana yake.

Matanga yalipokwisha, sufuria halikurudi shambani. Kila jioni watu walikuja kusoma hitma kwa Bi Mize, na baada ya hitma, uji. Wasiojua kusoma walikuja kwa ajili ya uji na hawakuficha. Ikafika arobaini, ikapita, na sufuria bado lilikuwa pale pale.

3

Tume ya Makazi, iliyo duniani, iliniomba niendeleze kazi ya Ngwali. Nilikuwa msaidizi wake tangu tulipofika, na hapakuwa na mwingine aliyejua pa kuanzia. Nikakubali kwa sharti kwamba nitaifanyia chumbani hadi eda iishe.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu akiishi Mwezini, mwili wake unaona hauna mzigo wa kubeba, basi unaanza kuibomoa mifupa kama mtu anayebomoa banda asilolihitaji. Mazoezi husaidia kidogo. Dawa za duniani zilisaidia, kisha zikaacha. Ndipo ukaja mlonge mfupi wa mapangoni, mti unaofika kiunoni, uliozalishwa kwa ajili ya taa zetu, wenye majani yanayowaambia wajenzi wa mifupa warudi kazini. Kwamba ulifanya kazi, kila mtu alijua. Kiasi gani, hakuna aliyejua. Ukipungua, mfupa haujali. Ukizidi, figo hutengeneza mawe.

Kwa hiyo watu wa Pangoni waligawanywa makundi mawili. Nusu walipewa pakiti zilizofungwa kwa uzi mwekundu, nusu kwa uzi mweupe. Nyekundu ilikuwa dozi kubwa na nyeupe dozi ndogo, lakini walaji hawakuambiwa. Kila asubuhi mtu alitakiwa kumeza pakiti yake kwa maji, peke yake. Na kila mtu alivaa kikuku mguuni. Kikuku hugonga mfupa wa muundi taratibu na kusikiliza mlio wake, maana mfupa mzima hulia tofauti na uliotoboka. Pia hunusa jasho, na jasho hueleza mapema kama mwili unajenga au unabomoa. Vikuku vyote vilileta habari kwenye kioo cha kompyuta yangu, kila mtu na mstari wake.

Mistari hiyo ilikuwa ikishuka tangu mwanzo. Myekundu ilishuka polepole, myeupe ilishuka haraka kidogo. Ngwali alikuwa ameitazama mistari hiyo kila siku akiwa amejishika kichwa, kwa sababu Tume ilikuwa imeshasema: kama hakuna dozi itakayoizuia kushuka kabla ya meli ya msimu, Pangoni itafungwa na watu wote watarudishwa duniani.

Kurudi duniani si adhabu kwa kijana. Atalala wiki chache, atajifunza kutembea tena. Lakini duniani kila kitu kina uzito mara sita ya hapa. Mganga alikuwa ameshampima Bi Mize. Aliniambia mimi, si yeye, kwamba uti wake wa mgongo hautafika chini ya ngazi za meli. Bi Mize alijua hata hivyo. Aliniambia, "Mganga akinitazama anatazama kama mtu anayeangalia yai."

Sasa nilikuwa nimekaa mbele ya kioo, na mistari ilikuwa inapanda.

Nilizima kioo nikakiwasha. Ilikuwa inapanda. Myekundu na myeupe, yote, ya vijana na ya wazee. Mstari wa Bi Mize, uliokuwa ukishuka kama ngazi, ulikuwa umegeuka na kutazama juu. Nikafuata kwa kidole hadi mahali ulipogeuka, nikaona ni wiki ile aliyokufa Ngwali.

4

Dakta Nekesa Wasike wa Tume alinipigia siku ya pili yake. Nilimwona usoni kwamba alikuwa ameshaona. Kati ya hapa na duniani neno huchukua pumzi moja kufika na jingine kurudi, kwa hiyo mazungumzo yetu daima yana mianya, kama ya watu wanaotunziana heshima sana.

"Bi Tunu," alisema, "pole tena kwa msiba. Na hongera. Sijawahi kuona kitu kama hiki."

"Asante, daktari."

"Makundi yote yamepanda, nyekundu iko juu kidogo zaidi. Nimeshazungumza na wenzangu. Tunachukua dozi kubwa. Meli haitakuja kuwachukua, itakuja na vifaa. Na dozi hiyo itaanza kutumika katika makazi mengine yote matano msimu huu huu."

Nilijua ninachotakiwa kusikia. Nilisikia: Bi Mize anabaki. Lakini kulikuwa na kitu kilichonikwama.

"Na figo, daktari?"

Aliangalia karatasi zake kabla ya kujibu.

"Kundi la nyekundu lilikuwa na mawe, kweli. Lakini miezi hii miwili ya mwisho naona hakuna mgonjwa mpya. Nadhani miili imezoea. Wewe unaonaje?"

"Naomba unipe mpaka simu ijayo."

"Sawa. Lakini Bi Tunu, leo furahini huko. Mmestahili."

Kombo alikuja mlangoni mchana, akasimama nje ya kizingiti kama inavyotakiwa, na kofia yake ya kazi kwapani. Alikuwa wa uzi mwekundu. Kwa muda mrefu alikuwa akitembea amejikunja upande mmoja kwa mawe ya figo, na watu walimwita Mkasi.

"Shemeji, nimesikia habari. Kweli tunabaki?"

"Kiuno chako kikoje?" nikamuuliza.

"Mbona unaniuliza kiuno mchana kweupe, na wewe uko eda?"

"Kombo."

"Kimeniacha, wallahi. Tangu nianze kula uji wa shangazi sijaenda zahanati. Mganga ananiuliza kama nimemkasirikia."

"Na pakiti yako unameza asubuhi?"

Akageuza kofia yake mkononi. "Pakiti ninampelekea shangazi."

"Anaifanyia nini?"

"Shemeji, ulikuwa unakunywa nini jioni zote hizi? Tulipokuja matangani, mtu angekuja na nini? Mtama ni wa jiko, karanga ni za jiko. Kitu pekee ambacho mtu anaweza kusema hiki ni changu humu Pangoni ni pakiti ya mlonge. Sasa mtu anakwenda kwenye msiba mikono mitupu? Tukamimina. Tukaendelea kumimina. Nyekundu, nyeupe, vyote ndani."

Mchakacho wa karatasi ukanirudia masikioni.

"Wote?"

"Hata mganga."

Alipoondoka nilikaa nikaikokotoa. Pakiti nyingi zilizomiminwa zilikuwa na unga mdogo, na zaidi ya nusu ya siku watu walikuwa wakisahau kuzileta, wakisafiri kwenda machimbo ya juu, au wakimwaga nusu. Ukigawanya unga wote ule kwa mabakuli yote yale, kila mtu alikuwa amekula chini ya dozi ndogo. Lakini uliiva ndani ya mtama na mafuta ya karanga, na ulinywewa taratibu jioni nzima, bakuli baada ya bakuli, badala ya kumezwa mara moja kwa maji kwenye tumbo tupu. Mwili ulikuwa umeupata wote bila figo kushtuka.

Kwa hiyo dozi kubwa haikuwa imeponya mtu. Ilikuwa bado ni ile ile iliyomkunja Kombo. Na ndiyo iliyokuwa inakwenda kwenye makazi matano, kwa wachimbaji wanaokula peke yao baina ya zamu, ambao wangeimeza kila asubuhi kwa maji kwa sababu mimi nilinyamaza.

Kanuni ya utafiti nayo ilikuwa wazi. Mtu akila dozi ya mwenziwe, utafiti umekufa, na makazi yanahesabiwa kuwa yameshindwa.

5

Nilimwambia Bi Mize kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikuwa amekaa kitandani kwangu akinisuka nywele, maana alisema mjane kuwa nadhifu si dhambi.

Nilimweleza mpaka mwisho. Mikono yake ikasimama kichwani mwangu.

"Kwa hiyo ukinyamaza, nabaki."

"Ndiyo, mama."

"Na ukisema, naja kubebwa kwenye hiyo meli."

"Ndiyo."

"Na hao wa makazi mengine, unawajua?"

"Simjui hata mmoja."

Alivuta msuko mmoja kwa nguvu hadi nikafumba macho. "Basi mimi nife kwa ajili ya figo za watu nisiowajua majina. Ndivyo unavyoniambia. Nimezika mwanangu kwenye vumbi, nimekaa nikanywa uji, na sasa mkwe wangu ananiambia uji wenyewe ulikuwa kosa."

Nilimwinamishia kichwa aendelee kusuka.

Alisuka mstari mzima, akaanza mwingine.

"Hiyo dozi kubwa," alisema hatimaye, "ni ya Ngwali?"

"Yeye aliipanga ijaribiwe. Hakuipenda."

"Lakini wataiitaje huko?"

Nikakumbuka Dakta Nekesa alivyokuwa ameandika. "Wataiita Dozi ya Ngwali. Kwa heshima yake."

Bi Mize alivuta pumzi. "Yaani mtu wa huko mbali akojoe damu, amlaani mwanangu kwa jina." Akafunga msuko kwa uzi, akaukata kwa meno. "Piga hiyo simu yako. Lakini niwepo. Na mlango uwe wazi, watu wasikie, wasije wakasema Tunu aliwauza kwa siri."

"Watakukasirikia wewe pia, mama. Sufuria ni lako."

"Wanikasirikie. Uji walikunywa."

6

Ukumbi ulijaa. Mimi nilikaa ndani ya kizingiti na Bi Mize nje yake, na kioo kati yetu. Kwanza niliwaeleza watu wenyewe. Nilipofika kwenye neno meli, palikuwa na zogo. Mwanamke mmoja mwenye mama mgonjwa alisema nimerogwa na huzuni. Mzee wa bustani alisema kama ni kosa, basi ni kosa langu kulitafuta. Kombo alisimama juu ya benchi.

"Mnataka shemeji afanye nini?" alisema. "Mimi nimekunjwa na ile dozi mpaka mkaniita Mkasi. Mlicheka, na mimi nilicheka. Lakini nisingependa mtu mwingine aitwe hivyo ili mimi nilale pazuri. Atakaye kumnyamazisha aje aanze na mimi, na aje haraka, nina pampu ya kurekebisha."

Hawakukubaliana naye wote. Lakini walikaa.

Dakta Nekesa alipotokea kwenye kioo nilimweleza kila kitu, na sikusimama kusubiri mianya, kwa sababu ningesimama nisingeendelea. Nilipomaliza, aliweka kalamu yake mezani.

"Mlichanganya," alisema. "Wote."

Bi Mize hakungoja. Hajawahi kuzoea mianya ile, huzungumza juu ya maneno ya watu kama vile wao wanazungumza kwenye chumba kingine.

"Daktari, mwanangu, mimi ndiye Mize. Sufuria ni langu. Nikuulize neno. Huko kwenu Bungoma, au ni wapi sijui—"

"Bi Tunu, unaelewa maana yake—"

"—mtu akikukuta unakula, unafanyaje?"

Swali lilifika. Tuliliona likimfikia.

"Namkaribisha," alisema Dakta Nekesa.

"Na akikukuta unakula dawa iliyopikwa ikanukia?"

"Mama, dawa si chakula."

"Hiyo imo ndani ya mtama. Ni chakula."

Watu wakacheka, na nikamwona daktari akiuma mdomo ili asicheke nao. Kisha uso wake ukawa wa kazi.

"Nisikilizeni. Nawashukuru kwa kusema. Mmewaokoa watu wengi leo, na dozi kubwa naisimamisha sasa hivi. Lakini siwezi kuiambia Tume kwamba Pangoni imefaulu. Sijui nani alikula nini. Bila kujua nani alikula nini, sina kitu mkononi. Siwezi kuwazuia ninyi kukaribishana, na nikiwazuia mtanidanganya, kama mtu yeyote angefanya. Ningefanya mimi pia."

Ndipo lile lililokuwa likizunguka kichwani mwangu tangu Kombo asimame mlangoni likakaa sawa.

"Usituzuie," nilisema. "Tupime."

Hakunielewa. Nikajieleza tena. Dozi tusimpe mtu, tulipe sufuria. Tuwe na masufuria mengi, kila moja na kiasi chake cha mlonge, na kiasi hicho kifichwe kama ilivyokuwa mwanzo. Mtu yeyote ale kwenye sufuria lolote, aalikwe popote, amkaribishe amtakaye. Lakini kila mtu ana kikuku mguuni. Sufuria nalo livikwe kikuku. Mtu akikaa kula, kikuku chake kiguse cha sufuria, na vyenyewe vitaambiana amekunywa mabakuli mangapi.

"Kombo," nikaita, "inawezekana?"

"Sufuria kuvaa kikuku?" Kombo alikuwa ameshaanza kupima hewani kwa mikono. "Kesho asubuhi. Ila lile la shangazi lina kiuno kikubwa, nitaunganisha viwili."

Dakta Nekesa alikuwa ameinamisha kichwa, anaandika haraka. Tuliona utosi wake tu. "Wageni watakuwa wanapita kati ya masufuria," alisema, kama anayejisemea. "Huyo anayekula huku jana na kule leo ndiye atakayenionyesha tofauti. Nilikuwa nawafukuza. Kumbe ndio niliokuwa nawahitaji." Akainua uso. "Hesabu yake ni ngumu, lakini hiyo niachie mimi. Meli bado haijaondoka. Nitaomba isubiri, na nitawaambia kwa nini. Sitawaahidi."

"Usituahidi," alisema Bi Mize. "Omba."

7

Wiki zilizofuata Pangoni ilinukia karanga. Nilisikia vyote kutoka chumbani: mabishano ya nani atakaa sufuria lipi, na watu waliokula kwa jirani wakajifanya hawakushiba ili wakarudie kwao. Mzee wa bustani, yule aliyenilaumu, alikuwa anatembelea masufuria yote kila siku, na Dakta Nekesa akaniandikia kwamba mtu huyo mmoja ana faida kwake kuliko makundi mawili ya zamani. Nilipomwambia mzee, alianza kuoga kabla ya kwenda kula.

Mganga hakupata mgonjwa wa figo. Mistari iliendelea kupanda, na safari hii nilijua kila mstari umekula nini na kwa nani.

Eda yangu iliisha asubuhi moja ya taa. Bi Mize alinifukiza udi, akanivalisha kanga mpya aliyokuwa ameificha, nikatoka. Sikuwa nimefika katikati ya ukumbi kioo kikubwa kilipowaka bila kuitwa, na Dakta Nekesa alikuwa amesimama. Hatukuwahi kumwona amesimama.

"Watu wa Pangoni," alisema, "shikamooni wakubwa. Nina dozi."

Mtu akazima feni.

"Ni robo ya ile ndogo. Robo. Iliyopikwa na mafuta, asubuhi, mchana na jioni, katika chakula cha watu wengi. Peke yako ukiipika inafanya kazi pia, nimewapima wagonjwa waliokula vyumbani, lakini watu wanaokula pamoja hawasahau, na ndiyo maana mifupa yao imepita ya wengine wote. Tume imekaa leo. Hakuna aliyepinga. Pangoni haifungwi. Mama Mize, mgongo wako umejijenga kuliko tulivyojua inawezekana kwa umri wako, lakini huna haja ya kuupeleka popote. Unabaki nyumbani."

Sijui nani alianza kigelegele. Kilikwenda mpaka mwisho wa pango kikarudi, kikakuta vingine vimeshaondoka. Watu walipiga masufuria kwa miiko. Vijana waliruka, na hapa Mwezini kijana akiruka kwa furaha anafika darini, basi dari lote lilijaa miguu. Mwanamke mwenye mama mgonjwa alinikumbatia hadi kanga ikanitoka bega moja. Kombo alimbeba Bi Mize juu kwa mikono miwili kama mtoto.

"Niteremshe, mwana wewe, utanivunja!"

"Huvunjiki, shangazi! Imetangazwa!"

Na yeye akacheka huko juu, kilemba kimemlegea, akipigapiga kichwa cha Kombo kwa kiganja. Nilimtazama mgongo. Ulikuwa umenyooka.

Nililia hapo kidogo, mbele ya watu, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Ngwali angetaka kuona hesabu kabla ya kufurahi. Angekuwa wa mwisho kupiga sufuria, na angelipiga kuliko wote.

Dakta Nekesa alingoja mpaka kelele zikapungua, akaniita karibu na kioo.

"Bi Tunu, kuna jambo moja la jina. Tume inauliza dozi hii iitwe nani."

Nilimtazama Bi Mize, ambaye alikuwa ameshawekwa chini na alikuwa anajifunga kilemba.

"Ya Ngwali," alisema. "Hii wanaweza."

Meli iliondoka duniani jana. Imebeba masufuria na miche, na haina kiti cha abiria isipokuwa kimoja cha kwenda, ambacho ni changu. Itanishusha Makazi ya Tatu, kwa wachimbaji. Huko watu wanakula kila mmoja chumbani mwake, na jiko halijawashwa tangu lijengwe. Tutaanza kupika siku nitakayofika.